Diski Aliyozikwa Nayo Balthazar

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mesquite, Texas. Tarehe 21 Juni 2025, saa saba na dakika ishirini mchana.
Jina: Wawira Nyaga. Umri: miaka 36. Kazi: fundi wa kompyuta hospitalini. Makazi: Euless.

Kiingereza nakijua, lakini nimeomba maelezo haya yaandikwe kwa Kiswahili ili Emérance, mjane wa marehemu Balthazar, ayasome mwenyewe. Nimejaribu kumwambia kwa mdomo mara tatu nikashindwa.

Emérance mimi humwita Mama Diane. Ni Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, tulijuana kanisani. Mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya. Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 11 Machi, akazikwa tarehe 22. Kwaya yao humzika mwalimu akiwa ameshika rozari na diski ya nyimbo alizofundisha. Walifanya hivyo, nami nilikuwapo.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, nilifika kwake hapa Mesquite kutengeneza laptop ya marehemu, iliyokuwa ikizimika kabla ya kuwaka vizuri. Ndani mlikuwa na rekodi zaidi ya mia nne za Balthazar akiimba kila sauti peke yake, ili wanakwaya wajifunzie nyumbani. Mama Diane alitaka hizo tu. Alisema: "Mtoto ameanza kusahau, dada. Jana kaniuliza, 'Mommy, how did Daddy talk?' Nikamwiga, nikaona naiga vibaya." Diane ana miaka minne.

Nilimwomba diski ya kuweka Windows upya. Akacheka. Balthazar alikuwa haandiki kitu juu ya diski zake. Mwezi wa tano Mama Diane aliwasha redio ya jikoni akasikia kwaya inaimba. Diski ya nyimbo ilikuwa humo siku zote. Ile iliyokuwa kwenye kava la kwaya, aliyozikwa nayo, ilikuwa hiyo ya kompyuta niliyoiomba. "Kaenda nayo," alisema. "Sasa anawatengenezea malaika kompyuta." Tulicheka wote wawili.

Siku hizi diski ya hivyo si lazima. Nilishusha Windows mtandaoni nikaiweka kwenye flashi, bila kumweleza. Kabla sijaanza, laptop iliwaka kama dakika moja. Nilifungua rekodi moja. Balthazar alikohoa kidogo, akasema, "Haya, sauti ya pili, tuanze." Kisha kioo kikawa cheusi. Mama Diane alikuwa nje na mtoto, hakusikia.

Saa tano na nusu nilichomeka flashi. Kazini nafuta kompyuta kumi kwa wiki, maana za hospitali lazima zifutwe kabisa kwanza. Laptop iliponiuliza Windows niiweke wapi, mkono ukafanya ulichozoea: nikachagua, nikafuta kila kilichokuwamo, nikakubali. Haikuchukua hata sekunde tano. Fundi mzima, miaka kumi na moja kazini, na sikunakili kitu! Nilijua kabla sijaondoa kidole.

Mama Diane alipoingia na kuuliza, nilisema: "Zimekataa kutoka. Tungekuwa na ile diski yenyewe ya Balthazar, ningezitoa zote." Nilisema hivyo kwa aibu, na kwa sababu nilijua diski iko mahali ambapo hakuna mtu angeifuata. Niliondoka na laptop, nikajaribu kuzirudisha rekodi hadi Jumatatu. Hakuna kilichorudi.

Tangu siku hiyo namsikia. Sisemi ni mzimu, andika nilivyosema. Mchana kweupe, nikiwa nimeinamia kompyuta ya mtu kazini, mtu hukohoa nyuma yangu na kusema, "Haya." Haendelei. Anasubiri, kama mwalimu anavyomsubiri aliyechelewa mazoezini. Naogopa kugeuka.

Leo saa tatu na dakika kumi asubuhi Mama Diane alinipigia: "Dada, njoo makaburini na laptop. Nimebakiza kidogo." Nili-drive kutoka Euless nikijua anachofukua. Nilifika saa nne. Alikuwa na jembe la bustani, shimo limemfika magotini, viatu amevipanga kando ya msalaba. Alikuwa akiimba polepole kama mtu anayelima shamba lake.

Nilimwambia: "Mama Diane, wacha." Akajibu: "Nimeshamwomba msamaha, ananijua. Hebu nipokee." Nikapokea jembe. Nakiri kwamba nilikuwa nimelishika, na ukweli sijamwambia, hadi polisi walipofika saa nne na robo.

Alipokuwa anaingizwa kwenye gari aliniuliza: "Diski ikikaa chini miezi mitatu, inaharibika?" Nilimjibu: "Haiharibiki."

Mama Diane hakumdharau marehemu, wala hana wazimu. Diski ile isingesaidia kitu hata kama ingekuwa mezani. Rekodi nilizifuta mimi.

Hayo ndiyo niliyoyafanya na niliyoyaona. Sikulazimishwa kuyasema, nimesomewa na nimeyakubali.

Sahihi: W. Nyaga

Maelezo ya mwandishi: Yameandikwa na mimi, Egide Nduwayo, mkalimani, mbele ya afisa wa zamu. Shahidi ameomba Emérance apewe nakala. Afisa amesema nakala haitolewi kwa sasa, ila shahidi anaweza kumwona kwa dakika kumi. Shahidi ameingia saa nane na dakika tano, akatoka saa nane na robo. Nilimuuliza kama amemwambia. Alijibu kwamba hakupata nafasi; Emérance alikuwa akimwomba msamaha muda wote kwa kumwingiza kwenye matatizo.