Kipa Aliyesema Naja

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mgongo wa shemeji umempa nafasi ya kupumua. Sisi huku tunasukuma siku. Kaka anakusalimu sana. Anasema anakumisi zaidi wakati wa kula, maana mpishi ni mimi.

Uliniuliza ni mpira gani huo ambao watazamaji wanakatazwa kushangilia. Cheka tu, lakini kwenye uwanja wetu wa saruji nyuma ya kiwanda cha viatu kuna mipira ya kila aina. Wanaanza wazee, ambao kwao kukimbia ni faulo. Wanatembea huku wanatukanana kwa adabu. Wakitoka wanaingia waliokatwa mguu, na magongo yao, na hao hawamwonei mtu huruma. Halafu tunaingia sisi. Wachezaji hawaoni, mpira una njuga ndani ili waufuate kwa masikio, na anayeufuata lazima aseme "naja" ili asije akamvunja mwenzake. Kipa peke yake ndiye anayeona, kwa hiyo neno hilo halimhusu. Kipa ni mimi, tangu Kaka alipopofuka.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunaongoza. Fundi redio wa timu pinzani akaachia shuti la juu, na mpira ukiwa hewani njuga hunyamaza. Nikabaki golini nimetega sikio, nikaita naja! Ukanipiga usoni, ukaingia. Watu waliangua kicheko, refa naye hakujizuia. Hata mimi nilijichekesha, damu inanitoka puani.

Kaka hakucheka. Njiani, mkono wake begani kwangu kama kawaida, aliniuliza tangu lini kipa akasema naja. Nikamwambia ulimi uliteleza. Akasema nisimfanye mtoto, hata yeye alianza hivyo hivyo, kwa kujigonga kwenye milango ambayo wenzake wanaiona.

Basi nikamweleza, na wewe nakueleza. Nimepimwa, dada. Ni ugonjwa uleule. Pembeni kumeshafunga, nimebakiwa na kitundu katikati, nacho kinapungua. Kwenye cherehani nikiweka mkasi kando, naupapasa kama mwizi. Daktari anasema dawa hakuna. Kaka, ambaye hakuyalilia macho yake mwenyewe, alikaa chini ukingoni mwa barabara akalia kwa sauti. Naogopa. Sijui nitakula nini, wala nani atamshika nani bega.

Ningeweza kukuficha hayo hadi tuonane. Ila daktari alisema ugonjwa huu mama huubeba bila kuumwa, akawapa watoto wake wa kiume, na binti zake wakaweza kuubeba kama yeye. Mama yetu ni mmoja, dada. Na uliniandikia kwamba kijana wako mkubwa siku hizi anaangusha vikombe na kujikwaa kwenye viti, unamchapa kwa uzembe wake lakini hasikii.

Usimchape tena. Mpeleke akapimwe macho, na usimwambie kwa nini.

Nisalimie shemeji na watoto, na jirani yako mcheshi anayeniulizia.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba