Mistari ya Chumvi

Jumatatu, 12 Mei

Mazoezi saa kumi jioni, kama kawaida. Ukungu umeshuka hadi mabwenini, Mlima Meru hauonekani kabisa. Nimewapigia filimbi vijana nisiowaona. Elibariki, beki wetu wa kushoto, amekimbia moja kwa moja hadi kwenye uzio wa ndama. Hakuumia. Ndama ndio walioshtuka.

Mchana kamati ya ligi ya vyuo ilipiga simu. Msimu mzima wametuchezesha mechi zetu za nyumbani kule chini Ngarenaro, kwenye vumbi, kwa sababu wanasema uwanja wetu ni malisho. Ni malisho kweli. Sisi ni chuo cha mifugo, walitaka tufuge nini, samaki? Sasa wamelegeza. Mechi ya mwisho, Jumamosi, tucheze hapa. Kwa majaribio. Mistari iwepo, iwe myeupe, ionekane. Isipoonekana tunapoteza mechi, na uwanja tunausahau.

Wapinzani ni chuo cha hoteli cha Njiro. Tukishinda, kombe letu. Tukitoka sare, lao.

Nimefurahi hadi nimeimba jikoni. Mume wangu ameniuliza kama naumwa.

Jumatano, 14 Mei

Saitoti, nahodha wangu, kaja ofisini kuomba ruhusa aende kumwarifu bibi yake. Ni hapo tu, nyuma ya mikaratusi. Koko, ndivyo anavyomwita bibi kwa Kimaasai, ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, na hajawahi kumwona akicheza hata mara moja. Gari linamtapisha. Akiona basi tu tumbo linamgeuka, kwa hiyo Ngarenaro kwake ni kama Ulaya.

Saitoti anamaliza mwaka huu. Hii ndiyo mechi yake ya mwisho. Hakulisema hilo. Alisema tu, "Madam, Koko atakuja kwa miguu." Nikajifanya natafuta kalamu.

Nampenda huyu kijana, basi. Mwalimu hatakiwi kuwa na kipenzi. Ninaye.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua usiku kucha. Stoo imevuja, gunia la chokaa limelowa na kugeuka jiwe. Vijana wamesema nisihangaike, watapata nyingine. Nimewaachia.

Vigingi nimepigilia mwenyewe, kamba nimevuta mwenyewe. Mstari uliopinda unaniuma kichwa. Mume wangu anasema ndiyo maana hata sambusa zangu zina kona kali. Aendelee kuzila tu.

Jioni jua limetoka kidogo, Elibariki na wenzake wamechora. Myeupe pe! Imenyooka. Nimesimama kuitazama mpaka viatu vikalowa. Sikuuliza chokaa wameitoa wapi.

Jumamosi, 17 Mei

Nianze mwanzo.

Haikuwa chokaa. Ilikuwa chumvi ya ng'ombe. Elibariki alikuta unga mweupe kwenye stoo ya malisho, akaona Mungu si Athumani, akaubeba. Kijana ana A ya Lishe ya Mifugo! Kwenye mtihani ameeleza vizuri kabisa jinsi ng'ombe anavyoitamani chumvi. Nilimsahihishia mimi.

Asubuhi ng'ombe wakatolewa zizini. Kila siku hupita kando ya uwanja. Leo hawakupita. Sinyati, jike linaloongoza kundi, aliinamisha kichwa kwenye kona akaanza kulamba, na wengine nyuma yake, mmoja mmoja, wamefuata mstari. Walijipanga vizuri kuliko timu yangu. Tulipiga kelele, tukasukuma, tukavuta mikia. Wapi! Basi la Njiro linaingia getini, ng'ombe wako kwenye duara la katikati.

Nilitamani ardhi inimeze. Elibariki nilimwambia maneno ya kutubu.

Mwamuzi akanikumbusha kanuni. Uwanja hauna mistari, mwenyeji amepoteza, labda kocha wa wageni akubali kucheza. Kocha wao ni Jaspal, Singasinga, mzaliwa wa hapa hapa Arusha. Nimemsema msimu mzima kwa ile miwani yake ya jua na lile deli lake la barafu. Kombe lilikuwa tayari mkononi mwake, hana hata haja ya kufunga kamba za viatu. Alicheka hadi akashika magoti. Kisha akasema, "Mwalimu, watu unao. Wapange."

Ng'ombe walipomaliza chumvi wakaenda zao, tukawapanga watu. Majivu ya jikoni tukayamwaga golini na kwenye maeneo ya penalti. Pembeni kote wakasimama watu kufuata vigingi: wanafunzi, wapishi, akina mama wa kijijini na shuka zao. Mstari wa watu. Koko akafika na fimbo yake. Jaspal akamwamkia, "Takwenya, Koko," naye akaitikia, "Iko," kama anamwitikia mjukuu. Akachagua mwenyewe pa kusimama, karibu na kona. Alikuwa nusu hatua nje ya vigingi. Nilitaka kumsogeza. Nikaona haya.

Wao moja, sisi moja. Zikabaki dakika chache. Saitoti akauchukua mpira pembeni, akamzunguka beki wao, akazama kwenye zile shuka, akaibuka upande wa pili, akapiga. Goli! Nimeruka, kiatu kimoja kikabaki chini.

Mshika kibendera hakuona kitu, watu walimziba. Mwamuzi akaja kuuuliza mstari wenyewe. Upande mzima ukapaza sauti: ndani, ndani! Wapishi ndio walikuwa wabaya zaidi. Mwamuzi akafika kwa Koko. Koko alimtazama mjukuu wake kwanza. Kisha akanyoosha fimbo, akaonyesha nyuma ya visigino vyake.

"Umepita huku. Nyuma yangu."

Goli likafutwa. Sare. Kombe limekwenda Njiro.

Nilimkasirikia. Bibi wa watu, nilimkasirikia kweli. Alikuwa amempa nusu hatua ya bure na bado mpira ukampita nyuma. Angenyamaza tu. Nani angemuuliza?

Filimbi ya mwisho ilipolia Saitoti alimwendea. Nilidhani atalia. Akainamisha kichwa, kama mila inavyotaka, Koko akamwekea kiganja utosini. Akakiacha hapo muda mrefu. Halafu akauliza kama huu mchezo huwa mfupi hivi siku zote.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani. Nimetubu yale ya Elibariki. Hasira yangu kwa Koko imeniisha katikati ya wimbo wa pili, sijui hata imetokea mlango gani.

Jioni Jaspal kanipigia. Ameiambia kamati uwanja wetu hauna kasoro, ila ng'ombe wafungiwe. Msimu ujao mechi zetu ni hapa. Nimemwambia ahsante. Nimemwambia na miwani inampendeza. Uongo, lakini anastahili.

Alhamisi, 22 Mei

Jua. Mlima wote uko nje, hadi kileleni.

Vijana wamechora uwanja upya. Safari hii ni chokaa, nimeionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Elibariki ameionja pia, bila kuambiwa. Saitoti ndiye aliyeshika kopo.

Nimeufuata mstari wa pembeni kwa miguu kuukagua. Umenyooka kutoka kona ya kule, ukapita katikati, safi. Karibu na kona hii unatoka nje, nusu hatua, unazunguka kidogo, unarudi. Hapo ardhini kuna kitundu. Ni cha fimbo.

Nimemwita Saitoti nikamwonyesha. Akasema anajua.

Nimeuacha.