Goti Langu na Mbuzi ya Nazi

Mama, shikamoo.

Huku Lindi mvua haikatiki, lakini goti nililoumia kwenye shamba la ujamaa limeanza kukunjika. Muuguzi alileta mbuzi ya kukunia nazi kutoka jikoni, akaniambia, “Siku utakayoikalia, unarudi Miteja.” Jana niliishia nusu, nikalia. Leo nimeikalia, nikakuna nazi nzima, mpishi akaungia mchicha.

Daktari anasema ni kano iliyochanika. Aliuliza ni nani aliyelikanda kwa maji ya moto likazidi kuvimba. Nikamjibu nilijikanda mwenyewe, sikukutaja.

Usijilaumu, mama yangu. Mtu akikuuliza, nawe sema hivyo hivyo. Mungu akuweke mpaka nije nikukunie nazi.

Mwanao,
Zuhura