Chini ya Mawe Yale Hakuna Babu

Shangazi Ismay wa redio, pokea salamu kutoka kisiwani kwetu Carriacou, na niokoe kabla ya Ijumaa, maana mimi, mtu ambaye kimbunga kiling'oa paa lake akalikimbilia na kulidaka kabla halijafika baharini, leo nimekwama.

Nina vyumba viwili juu ya kilima, napokea wageni wale wa begi mgongoni, wasioiweza hoteli kubwa, wanakula ugali wetu wa bamia na samaki, wanafua kwenye karai letu, na asubuhi wanashuka kwa njia ya miguu hadi ufukweni, njia ambayo bibi yangu aliipita na kapu la samaki na mimi nikaipita nikiwa bado tumboni. Sasa hoteli ya kule chini imeweka uzio na geti, inasema anayetaka bahari apitie kwao, alipie kiti na mwavuli. Kiti! Mchanga ule nimeukalia tangu sina meno!

Meneja alipokuja na mpimaji wa ardhi, wageni wangu wanne walikuwa nyuma yangu wananitazama kana kwamba mimi ni simba, basi mdomo ukaniponyoka. Nikamwambia, “Bwana mdogo, hapa hupafungi, babu yangu Josiah amelala pale,” nikamwonyesha lundo la mawe kando ya njia. Akavua kofia, Shangazi. Na mpimaji akavua!

Ukweli ni kwamba babu Josiah alifia ng'ambo, Aruba, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta, na kaburi lake liko huko huko. Chini ya mawe yale yupo mbuzi wangu Kanali, aliyekufa kwa kula kamba ya nailoni.

Nilidhani yataishia hapo, kumbe Bibi Elvira, miaka themanini na tisa, kasikia, akaniita barazani kwake.

“Kijana wewe, kumbe babu yako alirudishwa kutoka Aruba, yuko kando ya njia miaka yote hii na hujampelekea hata sahani?”

“Nilikuwa nangoja karamu ya wazee ya mvua za kupandia, bibi.”

“Mvua! Mlafi mkubwa, ungeila mwenyewe kabla hujafika.”

Tangu siku hiyo kila Jumapili anateremka na sahani ya wazee, ile tunayowawekea marehemu wetu, wali, kuku, na tone la ramu yetu ile kali ambayo barafu huzama ndani yake, anaiweka juu ya Kanali na analia, kwa sababu babu Josiah alikuwa baba yake wa ubatizo. Kaa wa pale wamenenepa hadi wanatembea kwa shida.

Sasa meneja kaleta barua, Ijumaa watafukua mbele ya polisi na mchungaji, wakikuta mtu njia inabaki wazi, wasipokuta geti linafungwa moja kwa moja, na kijiji kizima kinashangilia kwamba tumeshinda! Binamu yangu Lennox ananiambia makaburi ya zamani yameliwa na bahari, mifupa iko nje, niokote michache. Kurudi nyuma sirudi, kwetu hata punda tunamfundisha kwenda mbele tu. Niambie, niweke mifupa au nisiweke? Na jina langu ulifiche.

Mdaka Paa

*

Mdaka Paa, nimecheka hadi chai ikanipalia, kisha nikakasirika. Mifupa usiguse! Umtoe mama wa watu alikolala ukamlaze na mbuzi? Hata hao wenye geti hawajafikia ufidhuli huo, na huyo Lennox mwambie hivyo hivyo.

Hasira yako ni ya haki, na usiipoze. Ila meneja anauliza nani kafia pale, nawe umekubali kujibu swali lake! Kwa nini asiulizwe yeye ni wangapi wamepita pale kabla uzio wake haujazaliwa? Kusanya wazee wote waliopita na makapu, uwapeleke kwa wakili wakaape. Njia iliyokanyagwa na vizazi ina uzito mbele ya hakimu.

Lakini kwanza nenda kwa Bibi Elvira. Umeniomba nifiche jina, kisha ukataja babu, mbuzi na paa. Barua hii imesomwa hewani, na kisiwa ni kidogo. Usitembee, kimbia. Mwambie ni mbuzi. Akikupiga, simama upigwe, wala usimtajie kimbunga.

Ijumaa usingoje wafukue. Shika jembe mwenyewe, utoe pembe za Kanali mbele ya polisi, useme, “Kaburi nilidanganya, njia sikudanganya.” Watacheka, nawe cheka.

Halafu kijiji kizima kishuke na kuni, masufuria na wageni wako, mkapike mchangani kama wazee wenu walivyopika, na sahani ya kwanza iwe ya Josiah wa Aruba. Atangulie Bibi Elvira ameishika, tuone nani atasimama getini amdai pesa ya kiti. Wewe kaa nyuma kabisa na sufuria kubwa kichwani, na ukifika, mdomo huo upulizie moto.