Kompyuta Inayocheza kama Baba

Machi 3

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila Baba Mkubwa bado. Tangu tumzike Mama Mkubwa anakula kwa kulazimishwa, anashinda amegeukia ukuta. Sataranji hataki kucheza na mimi, anasema namwonea huruma. Basi nikaandika programu chuoni, acheze na kompyuta. Alicheza kidogo akaifunika. "Huyu karani wa benki," akasema. "Anazilinda kete kama ufunguo wa sefu. Baba yako alikuwa anakuja na panga."

Baba, nifundishe hilo panga. Nimeipa kila kete alama zake, na programu ikiona itapoteza hata moja, inarudi nyuma. Wewe ulikuwa unashambuliaje?

Mwanao

Machi 21

Mwanangu,

Marahaba, mama. Barua imenikuta natoka kufunga nondo ghorofa ya juu, ambako upepo unakupokonya koleo mkononi. Mgongo unauma, lakini upo. Mpe kaka pole yangu.

Shule niliiacha njiani, hizo alama zako sizijui vizuri. Lakini napakumbuka uani kwetu: kaka amekaa kwenye kreti, mimi nimechuchumaa, shemeji, Mungu amrehemu, anatufokea kwamba maji ya kuoga yanapoa. Siku zile sikuwa na kitu, kwa hiyo sikuogopa kupoteza. Farasi nilimtoa mhanga kabla watu hawajakaa vizuri. Iambie kompyuta yako hivi: kete iliyolala nyumbani haina thamani, iliyomkaribia mfalme wa adui ina thamani mara mbili. Kaka alikuwa anatoka jasho! Nilimfunga mpaka akanichukia.

Baba yako

Aprili 9

Baba,

Shikamoo. Natumaini upepo umepungua huko juu. Nilifanya ulivyosema, labda nikazidisha. Programu ikamtoa farasi, ikamtoa malkia, ikabaki na askari wanaokimbia mbele kama kuku waliofunguliwa bandani. Ikafungwa kabla chai haijapoa. Nikaanza kuomba radhi, nikasema nitairekebisha. Baba Mkubwa akaangua kicheko mpaka akakohoa. "Iache! Huyu ndiye mdogo wangu mwenyewe! Hajawahi kunifunga hata siku moja!"

Jioni alitoka uani, akaomba chakula mwenyewe.

Baba, ni kweli hukuwahi?

Mwanao

Aprili 30

Mwanangu,

Marahaba. Mzima mimi, na mwambie huyo mzee ni mwongo. Nilimfunga mara moja, siku ana homa.

Nimecheka peke yangu bwenini, wenzangu wakadhani nimepata barua ya mapenzi. Usiirekebishe. Hapa nacheza na dereva wa kreni siku za mapumziko. Ananiita Komeo. Nalinda kila kitu, mchezo hauishi, tunakubaliana sare tukalale. Sijui nilianza lini kuwa hivi. Msimamizi ameleta mkataba mwingine wa miaka miwili, mshahara ule ule. Kila ukija natia sahihi, maana kilicho mkononi ndicho chako.

Kaka anacheza bado?

Baba yako

Juni 2

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo. Alikuwa anacheza kila siku. Jana aliifunga tena, akaisukuma kando. Nikamuuliza kulikoni.

"Haibishi," akasema. "Baba yako akifungwa alikuwa anabisha mpaka majirani wanatoka. Hii inasubiri tu nianze upya."

Leo hakutoka chumbani. Nimempelekea chakula, kimerudi kama kilivyokwenda. Sikuambii uje, Baba. Nakwambia tu kwamba nimefika mwisho wa ninachoweza kuandika.

Mwanao

Juni 19

Mwanangu,

Marahaba, mama. Safari hii sikuulizi hali, nitaiona.

Msimamizi alinisogezea mkataba na kalamu. Nikamrudishia kalamu yake. Akauliza kama nimepata kazi nzuri kwingine. Nikamwambia sijapata, nakwenda kucheza sataranji na kaka yangu. Akanitazama kana kwamba nimepigwa na jua kichwani. Sikufichi, naogopa. Huko kazi sina, na mgongo huu hakuna atakayeununua. Lakini godoro nimeshampa dereva wa kreni, basi linaondoka Jumamosi.

Mwambie kaka asizipange kete peke yake. Anaiba, yule.

Baba yako