Maharage ya Chini ya Kitanda

Jumapili, 6 Septemba 1987

Nimebandika ratiba mpya ukutani kwa uji mzito. Jumatatu ndizi na maharage. Jumanne viazi vitamu na dagaa. Jumatano katogo, ndizi na maharage chungu kimoja. Alhamisi ndizi na maharage tena. Ijumaa muhogo na kisamvu. Kikundi cha kina mama kanisani ndicho kilichotufundisha hivi, kwamba ukipanga Jumapili huhangaiki saa sita mchana. Majirani wananicheka. Eti chakula cha kusoma. Wacheke.

Mume wangu Deo hajaandika. Yuko Bukoba, anajenga. Mimi niko hapa Rugera na watoto watatu, pamoja na baba yake.

Baba mkwe. Mwaka wa kumi na moja naishi naye nyumba moja na sijamwambia neno uso kwa uso. Ndiyo mila yetu. Mkwe na baba mkwe hawasemeshani, hawatazamani, na mkwe hatii mguu chumbani kwake. Hata shikamoo yangu hubebwa na Kemilembe, binti yangu mkubwa. Naye akitaka kitu anauambia ukuta, kwa sauti ya kunifikia jikoni. "Ukuta huu, leo chumvi imezidi." Na mimi kesho napunguza chumvi. Tumezoea.

Jumanne, 8 Septemba

Maharage yanaisha. Mvua za Machi zilitudanganya, mavuno ya Juni yakawa ya kuokoteza. Nimepima. Ya kesho yapo. Ya Alhamisi hayapo.

Naogopa. Najua ni upuuzi kuogopa karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu. Lakini Asimwe ana miaka miwili na nusu, na kliniki wamesema uzito wake umesimama. Nyama tunaiona Krismasi. Yeye maharage ndiyo nyama yake.

Jumatano, 9 Septemba

Katogo. Wameshiba. Debe ni tupu, nimelikung'uta.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimefanya jambo la aibu. Naliandika hapa maana sitalisema popote.

Baba mkwe ameondoka alfajiri kwenda mazikoni Bweranyange, atarudi kesho. Nimeingia chumbani kwake. Chini ya kitanda ana chungu cha maharage ya mbegu, anangoja mvua apande. Nimechota bakuli mbili. Yalikuwa na vumbi na harufu kali. Nikasema ni tumbaku yake, chumba chote kinanuka tumbaku. Nikayaosha mara moja tu, mbiombio. Jana ningemtuma mtu akamwombe angenipa. Kiburi changu hicho. Sikutaka ukuta uambiwe kwamba mwenye ratiba ameishiwa.

Wamekula. Asimwe nilimpondea ndizi kwenye mchuzi wa maharage kama siku zote, akalamba na bakuli. Nikajisifu, jamani. Nikajiona mama wa maana.

Saa kumi na moja. Asimwe katapika mara tatu. Mate yanamchuruzika. Kemilembe na mdogo wake Mugisha wanalia tumbo. Mimi kichwa. Labda ni maji ya kisima.

Ijumaa, 11 Septemba

Tumetoka zahanati. Asimwe hakamati hata kidole changu. Muuguzi aliuliza jana alikula nini. Ndizi na maharage. Maharage ya wapi? Ya nyumbani, nikasema. Na kweli ni ya nyumbani. Lakini nilipokuwa nasema, uso ulipata moto.

Wamesema ni malaria. Amechomwa sindano, tumerudi. Mbona hapati nafuu? Mbona analoa jasho hivi?

Jumamosi, 12 Septemba. Hospitali ya misheni

Naandika ili nisipige kelele.

Jana saa nane baba mkwe alirudi kutoka mazikoni. Nilikuwa uani nimempakata Asimwe, amelegea, mboni za macho zimekuwa nukta. Nikamsikia mzee anaingia chumbani. Kisha sauti yake, anauambia ukuta, tena anacheka.

"Ukuta huu, panya wamechota chungu changu. Wamekwisha hao! Maharage nimeyatia dawa ya kahawa. Kesho tutawaokota."

Nilijua palepale. Dawa ile ya kupulizia wadudu wa mibuni. Ndiyo harufu ile.

Na hapa nitaandika kweli hata ikinichoma. Sikusimama. Nilikaa nikiwaza watanisemaje. Mkwe aliyeingia chumbani kwa baba mkwe. Mkwe mwizi. Mkwe aliyelisha watu sumu, na huku kwetu neno hilo likikushika halikuachi mpaka kaburini. Nikawaza nimtume Kemilembe akaseme. Nikawaza nimwambie aseme ni yeye aliyechota. Mtoto wa miaka tisa! Mungu wangu. Niliwaza hivyo huku mwingine anakufa mapajani mwangu.

Asimwe akakakamaa. Nikainuka naye, nikaenda hadi mlangoni kwa mzee, nikamtazama usoni.

"Baba, hakuna panya. Ni mimi. Nimewapikia watoto."

Akajifunika uso kwa mkono, mazoea yalimtangulia. Kisha akaushusha. Jicho lake la kushoto lina utando mweupe. Miaka kumi na moja sikujua.

"Wamekula wote?"

"Wote. Huyu alikunywa na mchuzi."

Nilingoja matusi. Hayakuja. Alichukua kopo la dawa, akalitia mfukoni mwa koti lake la mazikoni, akatoa baiskeli. Akaniketisha nyuma na Asimwe, yeye akaisukuma, watoto wakubwa wakitufuata kwa miguu. Mlima wote ule wa kibanja, shamba letu la migomba, mpaka barabarani. Mzee wa miaka sabini. Nilimsikia kifua kinavyolia. Lori la kahawa likatupakia.

Daktari alisoma kopo, akaanza kuchoma sindano hapohapo. Akasema kama asingeliona angekuwa anabahatisha. Kisha akaniuliza kwa nini zahanati sikusema. Baba mkwe alikuwa amesimama pembeni, akajibu yeye. "Hakujua, daktari. Mimi ndiye niliyeweka sumu mahali pa chakula."

Kemilembe na Mugisha wamepimwa, watapona. Asimwe hakusemewa hivyo.

Jumapili, 13 Septemba

Hajaamka. Anapumua kama anayepanda mlima. Daktari anasema tungoje. Tungoje nini, hasemi.

Sikuenda ibada. Sala haitoki. Naogopa akiguna, naogopa akinyamaza. Naogopa kufumba macho.

Wanawake wanaouguza wagonjwa wao walinipa sufuria nikawapikie wakubwa uji. Nimeshika mwiko, mikono imekataa. Nikaona vumbi kwenye unga. Halikuwepo, najua halikuwepo. Nimeiacha sufuria mekoni nikatoka. Kemilembe kala ndizi mbivu aliyopewa na mgonjwa wa kitanda cha pili, nami nimemtazama kila alipotafuna mpaka akaniomba nimwachie.

Nimeanza barua kwa Deo. Nimeichana.

Baba mkwe yuko nje kwenye nyasi. Haondoki. Hatujasemeshana tena tangu juzi.

Jumatatu, 14 Septemba

Asubuhi kabadilika rangi. Muuguzi akakimbia kumwita daktari. Nikatolewa nje.

Sindano nyingine. Sijui ya ngapi. Nimekaa chini kwenye sakafu ya varanda, kemeo la kila mtu niliyewahi kumjua linanipigia kelele kichwani. Akifa nimemuua mimi. Si dawa, si panya, si mvua. Mimi na ratiba yangu.

Jumanne, 15 Septemba

Saa tatu kafungua macho. Kaita babu. Si mimi, babu! Nimecheka mpaka muuguzi akanikemea, halafu nikalia.

Daktari anasema ya hatari yamepita, ila tukae siku kadhaa. Hajala bado. Wala mimi.

Jumatano, 16 Septemba

Leo asubuhi kulikuwa na kicheko jikoni kwa wanaouguza. Nikachungulia. Wanawake wanamcheka mzee aliyechuchumaa mbele ya mafiga, kofia kichwani, moshi umemjaa machoni, anakoroga uji kwa mikono miwili kana kwamba anachimba shimo. Mtu ambaye tangu azaliwe hajashika mwiko. Ni baba mkwe. Hakuwajali.

Asimwe kanywa vijiko sita. Kaomba tena, akapewa vitatu. Wakubwa wakamaliza vyao.

Kisha mzee akachota kikombe kingine, akaja nacho hadi varandani nilipokaa. Akaonja kwanza yeye, akameza, akangoja kidogo ili nimwone. Ndipo akaninyooshea.

"Kunywa, mama. Tangu Ijumaa hujala."

Uji ulikuwa na madonge na hauna sukari. Nimekunywa wote.