Kaplingi ya Gari la Baba

Jumapili, 9 Novemba
Baba mdogo Muganyizi amepiga simu kutoka Muleba. Alikuwa anaongea na Mama, lakini kwa sauti yake ile hata kule Mwaloni, kwenye mitumbwi, wamesikia. Kwamba misa ya kumbukumbu ya Baba ni Jumamosi tarehe ishirini na tisa. Kwamba twende na gari. Likipanda kilima cha nyumbani lenyewe, libaki kwetu. Likisukumwa tena kama Krismasi iliyopita, mnunuzi yupo, anaondoka nalo palepale. Mama kajibu sawa. Gari la Baba — sawa tu!

Nikasema litapanda. Mama akaniangalia kama anavyoangalia daftari la mwanafunzi wake. Akasema, Byabato, wewe ni fundi wa injini za mitumbwi. Nikamwambia ziwani hakuna hata barabara na bado watu nawafikisha Ukerewe. Hakucheka. Enzi za Baba angecheka.

Jumanne, 11 Novemba
Nimetoa turubai. Ndani bado linanuka rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilikaa kwanza, sikufanya kitu.

Halafu nikaingia uvunguni. Kaplingi nimeishusha peke yangu, fundi mwingine angeita watu wanne. Ni kopo la chuma kwenye shafti inayokwenda nyuma. Ndani lina sahani nyembamba nyingi na ute wa silikoni. Matairi ya mbele yakiteleza, sahani zinaukoroga ute, ute unapata moto, unakaza, na ya nyuma yanavutwa kufanya kazi. Hakuna kitufe wala kamba. Ute wetu umetoka mweusi, mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Ndiyo maana Krismasi ile mbele kulikuwa kunachimba na nyuma kumelala.

Zamani tukifika chini ya kilima, Baba alikuwa anatuhamishia siti ya nyuma, mimi na Mama, tuongeze uzito. Mbele kukianza kuteleza Mama anaanza Salamu Maria. Baba haongezi mafuta, hapunguzi. Anasema, tulia, nyuma inakuja. Na kweli inakuja — kama mtu kaweka kiganja mgongoni mwako, anakusukuma taratibu.

Alhamisi, 13 Novemba
Dukani kwa Ngosha, anauza spea hapa Kirumba. Hata sijasalimia, kaniwahi:
"Nshomile huyo, Mhaya msomi. Umekuja kununua au kutufundisha?"
"Vyote viwili."
"Kidato cha pili, maneno ya profesa."
Nikamwambia afadhali kidato cha pili kuliko Msukuma wa Magu anayeuliza gari linakula majani gani. Akacheka mpaka akakaa.

Kazi ikaja kwenye kuchagua. Kitabu cha gari hakisemi ute gani, kinasema nunua kaplingi nyingine. Asante sana. Mpiga debe mmoja pale nje akasema weka oili ya gia, oili ni oili. Ngosha akatoa vichupa vya silikoni ya klachi ya feni, vimeandikwa elfu kumi. Na kopo moja lililotoka Dar, elfu thelathini. Namba ni uzito wa ute, ikipanda unazidi kuwa mzito.

Mimi siamini maandishi. Nikaenda kwa Queen, anachoma chapati mlango wa pili. Nikapasha vyote kwenye vijiko juu ya jiko lake. Queen akauliza leo napika mboga gani. Oili ya gia ikageuka maji. Ya elfu kumi ikalegea kidogo. Ya thelathini — ilikuwa inashuka kutoka kwenye kijiko polepole, kama asali ambayo haijaamua. Sahani zetu zimechakaa, kilima ni kikali. Nimechukua ya thelathini. Vijiko vyake Queen hataki tena kuviona.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimejaza. Kwa mtindo wa Mwaloni: unasukumia kwa tundu la chini mpaka ute utokeze tundu la juu, hewa isibaki hata punje. Gia ya injini ya mtumbwi inajazwa hivyohivyo. Safi kabisa. Kama kuna mwingine Mwanza nzima anayejua hivi, ajitokeze.

Jumatatu, 17 Novemba
Asubuhi gari tamu. Lilipopata moto, balaa. Kwenye kona matairi yanalia, nyuma inaburuzwa, usukani mzito. Ngosha kasimama mlangoni anasema linakata kona kama ng'ombe aliyefungwa miguu. Queen naye kaja kuangalia.

Mama alikuwa anatoka shule, akaona. Aliniambia taratibu, mwanangu, tusihangaike. Nikarudi uvunguni.

Jumatano, 19 Novemba
Nimepata!

Usingizi umegoma, nalala nawaza kivuko cha Kigongo, kabla ya daraja. Tulikuwa tunarudi kutoka Muleba na rubisi kwenye dumu, na Baba hajazi hadi juu hata siku moja. Anaacha nafasi ya vidole vinne, anasema iacheni ipumue, ikipata joto itataka pa kwenda. Mwaka mmoja Muganyizi akajaza yeye, mpaka mdomoni, eti hewa ni hasara. Tulipokuwa katikati ya maji, tumeiacha Busisi na Kigongo bado, dumu likapasuka ndani ya gari. Abiria wote wakageuka. Baba alicheka hadi akashikilia mlango. Harufu ile ndiyo hii hadi leo.

Kumbe ute nao ukipata moto unavimba. Nimeunyima pa kwenda, ukabana sahani, mbele na nyuma zikafungana. Mtumbwi unakaa kwenye maji baridi, kaplingi inaishi kwa joto. Kujaza mpaka mdomoni — nimemrithi baba mdogo, Mungu nisamehe.

Jioni nimeutoa kidogo, nimeacha nafasi. Nimelizungusha hadi likapata moto, kona zote kimya. Nikalipeleka kwenye mchanga mbichi ufukweni. Mbele ikachimba. Nikatulia. Halafu kile kiganja mgongoni.

Sijamwambia mtu kwamba nililia. Ni mchanga uliingia machoni.

Ijumaa, 28 Novemba
Naandikia kwenye usukani. Tuko chini ya kilima. Mvua imepiga tangu asubuhi, udongo mwekundu umekuwa sabuni.

Kigongo tumepita juu ya daraja, kufumba na kufumbua tuko ng'ambo. Nilipunguza mwendo nione gati la kivuko. Hakuna wauza mayai, hakuna foleni. Mama akasema, hapo ndipo alikuwa anakununulia karanga. Basi. Akapandisha kioo.

Huko juu namwona Muganyizi na mwavuli, na mtu mwenye buti za mpira. Ndiye mnunuzi. Vijana wa jirani wamekuja na kamba, wanamwambia Mama, shikamoo, tuko tayari kuvuta. Mchanga siyo kilima. Elfu thelathini niliichagua kwa kijiko cha chapati.

Mama ameshuka siti ya mbele, viatu mkononi. Nikadhani anapanda kwa miguu. Anawaambia vijana warudi nyumbani na kamba yao. Anafungua mlango wa nyuma. Amekaa palepale pake pa enzi za Baba, nguo zimelowa, rozari bado iko mkobani.

Anauliza naandika nini. Anasema washa —